Sifa ya Uvumilivu

Ukambani tunamsifu mwanamke mvumilivu. Anayechota maji kwenye mchanga wa mto Tiva mwezi wa Septemba, mimba ikiwa ya miezi saba, akarudi na mtungi wa lita 20 bila kunung'unika, huyo ndiye tunayemtolea mfano. Siku hizi sifa hiyo inanitia wasiwasi.

Mji wa mimba ni msuli, na kazi ya msuli ni kukaza na kulegea. Mwaka 1872 daktari Mwingereza, John Braxton Hicks, aliandika kuhusu mikazo inayokuja na kupotea kitambo kabla ya siku za kujifungua. (Nina hakika mama zetu hawakumngoja yeye ndipo waihisi.) Tumbo hukakamaa, kisha hulegea, bila mpangilio. Kiu na kazi nyingi huweza kuichochea. Mama akinywa maji na kulala kwa ubavu, mara nyingi mikazo hiyo hutulia. Uchungu wenyewe hautulii kwa kupumzika. Vipindi vyake hukaribiana, kila kimoja kikali kuliko kilichotangulia.

Lakini atapimaje asiyepewa nafasi ya kuketi? Kipimo ni kivuli na maji, na katika nyumba nyingi za Kitui na Makueni mjamzito ndiye anayevipata mwisho.

Kuna na umbali. Mwenye mimba ya kwanza huambiwa aende hospitali mikazo ikija kila dakika 5 kwa saa nzima. Ushauri huo unamfaa aliye mjini Wote, jirani na hospitali ya mama na mtoto. Aliye kijiji cha ndani huko Kyuso au Ikutha, usiku wa Novemba, mito imejaa, na aondoke mapema. Kabla ya wiki 37 asingoje hesabu yoyote: mikazo ikifuatana, au akiona damu au maji, aende papo hapo. Zipo sindano za kukomaza mapafu ya mtoto, nazo zinahitaji muda kabla hajazaliwa.

Tatizo ni kicheko. Akirudishwa nyumbani kwa kuwa siku hazijafika, huchekwa na kukumbushwa nauli ya bodaboda iliyopotea. Safari nyingine atanyamaza, nasi tutamsifu.

Mume, mama mkwe, nawe muuguzi wa zamu: akija mara ya tatu, mpokeeni kama mara ya kwanza. Na nauli ya mara ya nne iwekwe kando.