Wema wa Gari la Kale

Chimala imekaa mahali ambapo gari haliwezi kuficha tabia yake. Upande mmoja ipo barabara kuu iendayo Tunduma na Zambia, pamoja na bonde la Usangu lenye mashamba ya mpunga. Upande wa pili waanza mlima wa kwenda Matamba, ambao kona zake ni nyingi hata wenyeji wakaupa jina la idadi yao: Hamsini na Saba. Gari lililosifiwa mjini hufika hapo likahojiwa upya.

Yupo Chimala mpenzi wa magari, mtu mzima, mwenye Land Rover ya zamani na maoni asiyoyaonea haya. Kwake yeye, gari la kale lilikuwa na adabu ya kusema kweli. Plagi ikichafuka, injini ilikohoa. Breki zikipata moto, harufu ilimfikia dereva kabla ya hatari. Betri ikifa, palikuwa na hendeli na mkono wa mwenyewe. Gari la leo, asema, huwasha taa moja ya manjano kisha likanyamaza, na mwenye gari hana budi kumtafuta fundi wa kompyuta amfasirie. Hutoa ushahidi wa Peugeot 404, iliyoshinda mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki mwaka 1963, kisha mara tatu mfululizo tangu 1966 hadi 1968, juu ya njia za tope na vumbi. Lakini mzizi wa hoja yake si chuma, ni uhuru. Mtu asiyekifahamu chombo chake, je, anakimiliki au anakitumikia?

Swali hilo ni zito, wala halijibiwi kwa kuwacheka wazee. Hata hivyo lina upande ambao mpenzi huyu huupita mbio. Magari ya kale yaonekanayo leo ni yale yaliyosalia. Yaliyoliwa na kutu na kuvunjika ekseli hayana wa kuyashuhudia. Tena, katika miaka ya 1960 gari lilikuwa la afisa, la mmisionari na la tajiri wa duka. Mkulima wa Usangu alikwenda kwa miguu. Toyota IST, iliyoanza kuuzwa Japani mwaka 2002 na kuletwa huku ikiwa imekwisha kutumika, leo ni ya mwalimu na ya muuguzi. Anayeililia enzi ya magari imara huililia pia, bila kujua, enzi ambayo wengi waliyatazama yakipita. Uhuru wa kulifahamu gari ulikuwa wa wachache, kwa sababu gari lenyewe lilikuwa la wachache.

Kisha kuna mwili wa binadamu, ambao haukubadilika tangu kale. Sifa kubwa ya Land Rover, asema mpenzi huyu, ni kwamba haipondeki. Ni kweli, na kwa kuwa haipondeki, kishindo kizima cha ajali humfikia aliyeketi ndani. Gari la sasa limetengenezwa pua yake ijikunje makusudi, ili mtu abaki. Analoliita udhaifu ni huruma iliyopimwa kwa hesabu. Mkanda wa kupita begani na kiunoni ulitiwa katika magari ya Volvo mwaka 1959, na kampuni hiyo ikawaachia watengenezaji wengine wautumie bila malipo. Ni vigumu kupata katika habari za magari tendo lililookoa watu wengi kuliko hilo.

Mpenzi wa magari huyasikia haya akatikisa kichwa, kwani hakuna aliyeachana na kipenzi chake kwa sababu ya kushindwa hoja. Wala hana kosa katika kila neno: elimu ya mikono inapungua, na kijana awezaye kubadilisha kifaa lakini asiweze kukitengeneza amepoteza kitu ambacho bei yake haijulikani bado. Lakini siku ya kumpeleka mjukuu wake shuleni Mbeya, katikati ya malori ya barabara kuu, mzee huyu huiacha Land Rover chini ya mwembe. Huomba ufunguo wa IST ya binti yake, humfunga mtoto mkanda, huuvuta mara mbili kuhakikisha umeshika, ndipo huwasha.