Mkorosho Usipande

Mgeni akiomba mahali pa kulima katika vijiji vya Newala, kwa kawaida hanyimwi. Huonyeshwa pori, akalifyeka, akapanda muhogo, mbaazi na choroko, akavuna kwa amani. Ila mwenyeji humwachia sharti moja: mkorosho usipande. Muhogo hung'olewa na ardhi ikarudi kwa mwenyewe. Mkorosho huanza kuzaa mwaka wa tatu, na wajukuu huja kuukuta bado unaangusha. Ukimruhusu mtu apande mti, umemruhusu azikwe hapo.

Tunasoma habari za India, za Bihar hasa, ambako Dalit, mtu aliyewekwa chini ya matabaka yote, hulima shamba la mtu wa tabaka la juu, na baba yake alililima, na babu yake. Haraka tunajisifu kwamba sisi hatuna hayo. Majina hayo ya matabaka hatuna, kweli. Tuna swali: wewe ni wa nani? Kwa Wamakonde, kama kwa Wayao na Wamakua majirani zao, jibu lilipitia kwa mama na kwa mjomba. Asiye na mjomba hakuwa na wa kumsemea.

Masasi, jirani na Newala, inalijua swali hilo vizuri. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere alitoka Unguja na kundi la watu waliokombolewa utumwani, wakajenga hapo chini ya misheni. Wengi walikuwa wametenganishwa na mama zao wangali wadogo. Na kuna jambo linaloniuma zaidi: katika koo za kimama, mtumwa mwanamke alikuwa mke wa kutafutwa, kwa kuwa watoto wake hawakuwa na wajomba wa kuja kuwadai. Tanganyika ilifuta utumwa kisheria mwaka 1922. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 nayo inabatilisha mila inayomnyima mwanamke ardhi. Lakini minong'ono kuhusu asili ya mtu haina kifungu. Huibuka posa inapoletwa.

Siku moja nilimuuliza mzee mmoja kama mgeni wake, aliyelima pale miaka ishirini, sasa angeweza kupanda mkorosho. Akatikisa kichwa. Vipi mtoto wake wa kiume? Hapana pia.

"Lakini huyo kijana kamwoa binti wa dada yangu," akasema, akinionyesha kitoto kilichokuwa kikichezea mabibo uani. "Huyu atapanda."

Hapa ndoa ilifungua mlango; nchini India, ndoa ndiyo mlango unaolindwa kuliko yote.