Kumlinda Mtoto wa Jirani: Ni Yapi Yaandikwe?

Siku hizi, katika vijiji vya ufuko wa Tanganyika, toka Uvira mpaka Makobola na kuendelea hata Mboko, imezuka kazi ambayo wazee wetu hawakuihesabu kuwa kazi. Mama mmoja hubaki nyumbani kulinda watoto wa mama wengine, watano au wanane au zaidi, nao mama zao hupanda mlimani kulima mihogo, au huenda Uvira na mabeseni ya ndagala. Jioni hurudi, kila mmoja humchukua mtoto wake, na hutoa faranga kidogo au kipimo cha unga. Kazi hii ni njema, tena ni ya lazima. Lakini imeleta ulizo moja ambalo twalisikia mara kwa mara, wala si dogo: Je, yafaa mapatano juu ya mtoto yaandikwe? Na kama yafaa, ni mambo gani yaandikwe, na yapi yaachwe?

Wengi hukataa. Husema: «Kuandikiana ni kazi ya watu wasioaminiana. Mimi nililelewa pamoja na watoto wa ukoo mzima, wala hakuna aliyeshika kalamu.» Neno hili lina heshima yake, tusilicheke. Lakini tulitazame vizuri. Zamani hawakuandika, si kwa sababu hapakuwa na sheria, bali kwa sababu sheria ilijulikana na wote. Shangazi, mama mdogo, nyanya, kila mmoja alijua haki yake juu ya mtoto na mpaka wa haki hiyo, na wazee walikuwapo kumkumbusha aliyesahau. Sasa tazameni nyumba zilizo kandokando ya barabara ya kwenda Baraka. Hapa ni Mbembe, pale ni Mvira, anayefuata ni Mfuliru, na yule wa mwisho alifika mwaka jana na godoro kichwani, akikimbia milimani. Ni majirani wema, lakini hawakulelewa katika desturi moja. Kila mmoja hudhani kwamba mwenzake anajua lile ambalo mwenzake hajapata kulisikia. Hapo ndipo ugomvi huanza, pasipo mtu mbaya hata mmoja.

Tena tunaona jambo la kushangaza. Mama hao hao wanaoona haya kuandika juu ya mtoto hawaoni haya kuandika juu ya fedha. Katika kikundi cha akiba, ile likelemba yao, kila faranga imeandikwa katika daftari, na sanduku lina kufuli. Hakuna anayesema kwamba daftari limeharibu urafiki. Lakini mtoto, aliye bora kuliko fedha zote za kikundi, hukabidhiwa mlangoni asubuhi kwa neno moja: «Nakuja.»

Basi si kweli kwamba karatasi ni adui wa uaminifu. Hata hivyo hatusemi yaandikwe yote. Kumbembeleza mtoto anayelia, kumfunika baridi ikija toka ziwani, kumpa yatima kipande kikubwa zaidi, hayo hayaandikwi, na anayetaka kuyaandika hajui karatasi ni kitu gani. Sisi tungepima kwa maulizo mawili. La kwanza: jambo hili likiharibika, watu wawili wasema kweli waweza kulikumbuka namna mbili? La pili: ni jambo ambalo mtoto hawezi kujisemea mwenyewe? Likijibiwa ndiyo, liandikwe.

Tuanze na lile linaloleta matata mengi kuliko yote: nani ana ruhusa kumchukua mtoto? Saa nane mchana kijana anasimama mlangoni: «Mimi ni baba mdogo wake, nimetumwa.» Kwa desturi, baba mdogo ni baba, mama mlezi atamzuia kwa haki gani? Lakini pengine wazazi wametengana, mahari haijamalizika, na koo mbili zinamgombania mtoto. Mlezi akimtoa, amekwisha kukata kesi ambayo wazee wenyewe hawajaikata. Akimkatalia, amemtukana mtu mbele ya watu. Yakiwapo majina matatu au manne yaliyoandikwa, anaweza kusema kwa upole: «Si mimi ninayekukataza, ndugu yangu. Ni mapatano niliyofanya na wazazi wake. Keti, tumpigie mama yake simu.» Hapo karatasi inalinda heshima ya yule kijana pia. Lakini mlezi asikubali kufuta jina la baba kwa neno la mama peke yake, wala la mama kwa neno la baba. Hilo ni shauri la wazee au la baraza la hukumu; yeye si hakimu. Neno moja tu tungeliandika juu ya wote bila ubaguzi: aliyelewa hapewi mtoto, awe baba, awe mama.

Ugonjwa nao haungoji jioni. Uvira na vijiji vyake vinaijua kolera tangu miaka mingi, na kolera yaweza kumwua mtoto katika saa chache. Homa ya malaria nayo ni hivyo hivyo. Mtoto akianza kuhara saa nne, na mama yuko shambani mbali, mlezi afanye nini? Wengine hungoja, kwa kuogopa gharama ambayo hawajui nani atailipa. Kungoja huko ndiko kunakoua. Basi iandikwe wazi: mtoto atapelekwa kituo cha afya mara moja, kituo gani, wazazi watalipa, na mlezi haombi ruhusa kwanza. Papo hapo mlezi naye ajifunge: hatawanywesha watoto maji ya ziwa yasiyochemshwa wala kutiwa dawa, wala hatampokea asubuhi mtoto anayehara pamoja na wenziwe. Mama ataona uchungu kurudishwa na mtoto wake mlangoni, siku ya soko hasa. Na aone uchungu. Watoto saba wengine wamo ndani.

Sasa tunafika kwenye neno zito. Huko Ulaya na Marekani, mwenye kulinda watoto nyumbani huandika watoto watakimbilia wapi nyumba ikishika moto. Makobola ulizo lina sura nyingine: watakimbilia wapi vita vikija? Hatulisemi kwa kuamsha maumivu. Mwezi wa Oktoba 1996 vita vilifika Uvira, na watu wa Uvira na Fizi wakavuka ziwa kwa maelfu; wengi walikaa kambini Nyarugusu, katika mkoa wa Kigoma. Toka tarehe 30 Desemba 1998 hata 2 Januari 1999 Makobola yenyewe iliona mauaji ya mamia ya watu, na watoto walikuwa miongoni mwao. Katika vita vile vyote wazazi na watoto walipotezana, na Msalaba Mwekundu ulifanya kazi ya miaka kuwatafutia watoto jamaa zao. Kazi hiyo ni ngumu kwa sababu ndogo sana: mtoto wa miaka mitatu akiulizwa jina la mama yake hujibu, «Mama.»

Kwa hiyo karatasi ya mlezi yapaswa kuwa na jina kamili la kila mtoto, la baba, la mama, kijiji, na mahali wazazi walikotoka kabla ya kijiji hiki. Sheria ya Kongo inataka kuzaliwa kwa mtoto kutangazwe katika siku 90, lakini watoto wengi hawana hati hiyo. Kwa hao, karatasi ya mlezi yaweza kuwa maandiko ya pekee yanayosema wao ni nani. Halafu iandikwe njia: risasi zikisikika, mlezi ataelekea wapi na watoto, mlimani au ziwani, na kwa nani. Na neno hili, lililo gumu kutamkwa mbele ya mzazi: hatangoja. Akimngoja mama mmoja, anawaweka wote hatarini. Mama akubali mapema, akiwa na amani moyoni, ili siku ile asikimbie kurudi kwenye nyumba tupu, bali aende mahali walipopatana.

Mtu atauliza: Je, karatasi yaweza kumlazimisha mama mlezi kuokoa watoto wa wengine, naye ana wa kwake? Twajibu: hakuna mapatano yanayomfunga mtu kwa jambo asiloliweza. Lakini yanamfunga asiahidi asiloliweza. Hapa ndipo tunapopata kipimo cha hesabu ya watoto, ambacho wengi hukitafuta katika ukubwa wa nyumba. Nyumba si kipimo. Mtoto mmoja mgongoni, wawili mikononi, na wale wanaoweza kutembea upesi nyuma ya binti mkubwa: hao ndio watoto ambao mama mmoja aweza kuwalinda kweli, siku ya vita kama siku ya kawaida ambapo wawili wamekimbilia majini kwa wakati mmoja. Akija mama wa mtoto wa kumi, akilia kwamba hana pa kumwacha, huruma husema «Mlete.» Lakini huruma hiyo analipa nani? Wanalipa wale tisa, nao hawakuulizwa. Hesabu ikiwa imeandikwa, mlezi amtafutie mama huyo mlezi mwingine. Hiyo nayo ni huruma.

Juu ya malipo hatutasema mengi, ila moja. Wengine huandika, «Kila Jumamosi,» kama kwamba Makobola ni mji wa mishahara. Wavuvi wa ndagala huvua kwa taa usiku wa giza. Mwezi ukiwa mpevu samaki hawafuati taa, na kwa siku kadhaa mama wauza samaki hawana kitu. Mwaka 2024 nchi za ziwa zilifunga uvuvi miezi mitatu, toka 15 Mei hata 15 Agosti. Kanuni ya kila Jumamosi humgeuza mama mwaminifu kuwa mdeni na mwenye haya, kisha huacha kumleta mtoto, kisha mtoto hukaa peke yake nyumbani. Afadhali malipo yaandikwe kwa mwezi wa mbinguni, na iandikwe pia kwamba mtoto hatafukuzwa kwa deni kabla wakubwa hawajaketi na kusemezana.

Fimbo je? Hapa mila zetu zinatofautiana sana, na kila mama hudhani ya kwake ndiyo ya wote. Sheria ya 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto inataka adhabu itolewe kwa namna inayomtendea mtoto kiutu. Sisi twasema waziwazi: mtoto wa mwingine hapigwi. Liandikwe hivyo, kwa maneno machache yasiyo na mlango wa nyuma.

Yako pia maneno ambayo hayafai kuandikwa kamwe. Tumeona karatasi zilizonakiliwa toka mbali, zenye kusema kwamba jambo lolote likimpata mtoto, mlezi hana lawama. Neno hilo ni bure. Mwenye kumpokea mtoto amepokea wajibu, na sahihi ya mama haiwezi kuuondoa, maana haki inayoguswa si ya mama bali ya mtoto. Mlezi anayetafuta usalama wake kwa njia hiyo angefanya vema zaidi kurekebisha ua unaoelekea ziwani.

Mwisho kuna shauri la lugha na kusoma. Kuandika Kifaransa kwa ajili ya mama asiyekijua ni kumtega, hata kama nia ni njema na muhuri ni mzuri. Iandikwe Kiswahili, ukurasa mmoja. Isomwe kwa sauti mbele ya jirani mmoja anayeheshimiwa na pande zote mbili, na asiyejua kusoma aambiwe ayarudie kwa maneno yake mwenyewe kabla ya kutia kidole. Wakosane hapo hapo, ikiwa ni lazima wakosane. Siku hiyo mtoto yungali mikononi mwa mama yake. Nakala ziwe mbili. Moja ibaki kwa mlezi. Nyingine mama aitie katika ule mfuko wa nailoni ambao karibu kila nyumba ya pwani hii inao, wenye kadi ya chanjo na kadi ya ubatizo, uliotundikwa karibu na mlango.