Nani Aliijua Dawa?

Mmea wa Catharanthus roseus, wenye asili ya Madagascar na maua ya rangi ya waridi, unazua swali gumu la falsafa: kuijua dawa ni kujua nini hasa? Huko Jamaika watu walichemsha majani yake na kunywa maji yake ili kutuliza kisukari. Katika miaka ya 1950 majani hayo yakafika Kanada, kwenye maabara ya mtafiti Robert Noble. Sukari ya damu ya panya walionyweshwa dondoo ya majani hayo haikushuka. Waliodungwa dondoo hiyo walikufa kwa maambukizi, kwa sababu seli nyeupe za damu yao zilikuwa zimeporomoka. Hapo fikra ikageuka: kinachopunguza seli nyeupe huenda kikaizuia saratani ya damu. Kufikia 1958 mtafiti Charles Beer alikwisha kuitenga dawa ya vinblastini kutoka kwenye majani hayo. Ikafuata vinkristini, ambayo hadi leo hutumika kutibu lukemia ya watoto. Zote mbili huvuruga nyuzi zinazotenganisha kromosomu, seli ikashindwa kugawanyika.

Je, waliochemsha majani waliijua dawa ya saratani? Hapana, wala hawakuitafuta. Ila kusema kwamba walibahatisha tu ni kuwadhulumu: ni matumizi yao yaliyoufanya mmea huu uonekane unastahili kuchunguzwa. Kusema walijua yote nako ni kumhadaa mgonjwa, kwani chai ya majani hayo si tiba ya saratani, na vinkristini ikizidi kipimo huharibu neva. Kisheria, Mkataba wa Bioanuwai wa 1992 unatambua mamlaka ya nchi juu ya mimea yake na thamani ya ujuzi wa jamii. Ulikuja takriban miongo mitatu baada ya dawa hizo kuingia sokoni.