Fundi Atakayefuata

Bolti ikikatika haitoi kelele kubwa. Inatoa "tak" moja ndogo, halafu spana inakuwa nyepesi mkononi, na kwa sekunde moja unafurahi ukidhani imefunguka. Kisha unaona kichwa chake kimelala ndani ya soketi, na mwili wake umebaki ndani ya injini.

Nilikuwa na miaka 19. Nilikuwa nimemaliza shule, chuo hakijaniita, na mjomba akanipeleka kwa fundi mmoja wa jua kali kule Kariobangi nikajifunze kazi ya mikono badala ya kukaa nyumbani nikihesabu mabati. Kazi yangu ilikuwa kuosha vipuri, kushika tochi na kutumwa chai. Siku hiyo fundi alienda Kirinyaga Road kutafuta spea, akaniachia pikapu ya mama mmoja wa mboga. Thamostati ilikuwa imekufa. Thamostati ni kama mlango mdogo kwenye njia ya maji ya injini: ikipata joto inafunguka, maji yanaenda redieta kupoa. Kuibadilisha si kazi kubwa. Unatoa kifuniko kilichoshikwa na bolti mbili, unaweka mpya, unarudisha kifuniko. Bolti ya kwanza ilitoka bila maneno. Ya pili ilikataa.

Fundi alikuwa ameniambia kabla hajaondoka: "Ikikataa usishindane nayo. Ningoje."

Sikungoja. Kufika saa kumi jioni mama alikuwa amepiga simu mara mbili. Saa sita usiku alikuwa lazima awe barabarani kwenda Kinangop kuchukua kabeji, ndiyo awahi soko la Wakulima alfajiri. Nami nilitaka fundi arudi akute kazi imekwisha, aseme, "Kumbe kijana unaweza." Nikaokota paipu ya chuma ya mita moja, nikaichomeka kwenye mkono wa spana, nikavuta.

Hesabu yake niliielewa baadaye. Bolti yenye unene wa milimita 8, ile ya spana namba 12, haidai nguvu nyingi. Ukishika spana ya sentimita 25 pale mwisho na kuivuta kwa uzito wa kilo 10 hivi, umeikaza ya kutosha. Ukirefusha mkono huo mpaka mita moja, kilo zile zile 10 zinazaa nguvu mara 4. Bolti ndogo haiwezi kubeba hiyo. Mimi nilidhani paipu imeniongezea nguvu, kumbe iliniondolea uwezo wa kusikia. Kwa spana fupi unahisi chuma kinapoanza kuchoka. Kwa paipu husikii kitu mpaka "tak".

Sasa, kuna kosa na kuna kosa. Kukata bolti ni kosa, lakini hata mafundi wenye mvi huzikata. Kosa langu lilikuja dakika kumi baadaye.

Nilichukua thamostati mpya, nikaiweka mahali pake. Nikapaka silikoni nyingi kuzunguka kifuniko. Bolti nzima nikaikaza. Halafu nikachukua kile kichwa kilichokatika, nikakitia gundi, nikakibandika juu ya tundu lake. Nikapangusa. Ukitazama kwa macho, bolti mbili, kifuniko kimekaa, injini inanguruma. Niliiwasha robo saa, haikuvuja hata tone. Mama akaja, akalipa, akaniambia "Mungu akubariki, mwanangu," akaondoka.

Plato, yule mwanafalsafa wa Ugiriki, ana kisa cha pete katika kitabu chake tunachokiita *Jamhuri*. Mchungaji mmoja wa nchi ya Lydia anapata pete ya dhahabu. Akigeuza kito chake kuelekea ndani ya kiganja, haonekani. Anaingia ikulu, anamtongoza malkia, anamuua mfalme, anatwaa ufalme. Swali linalobaki ni lako na langu: ungepewa pete hiyo, ungeendelea kuwa mtu mwema? Au wema wetu wote ni kuogopa kuonekana tu?

Watu husoma kisa hicho kama hadithi ya maajabu. Fundi lakini huivaa pete hiyo asubuhi mpaka jioni. Mwenye gari haoni kilicho chini ya boneti, na hata akiona haelewi. Wala si fundi wa magari peke yake. Aliyezika nyaya za stima nyuma ya plasta ya chumba chako ameivaa. Aliyepima saruji na mchanga wa nguzo za ghorofa unayolala ameivaa. Mji mzima tunalala juu ya kazi za watu tusiowajua, kazi zilizofunikwa. Huruma, Aprili 2016, usiku wa mvua, jengo la ghorofa lilianguka na wenyeji ndani, na watu wakabaki wakiuliza nani aliona nini na nani alinyamaza.

Saa tatu usiku nilikuwa kitandani, siwezi kulala. Sikuwa nikifikiria Plato. Nilikuwa nikifikiria barabara ya Flyover, ule ukungu wa alfajiri, pikapu imejaa kabeji inapanda mlima. Injini ikipata moto, maji yake hayakai kimya. Yanasukuma kila kona yakitafuta pa kutokea. Na mimi nilikuwa nimeyazuia kwa bolti moja na gundi.

Nikampigia fundi. Nikamweleza yote. Akanyamaza mpaka nikadhani simu imekatika. Kisha akauliza, "Umemwambia mwenye gari?"

"Bado, mzee."

"Basi hujaniambia kitu."

Nilimpigia. Aliirudisha pikapu gereji saa nne usiku, kwa mwendo wa polepole, na safari ya Kinangop ikafa. Kabeji alizokuwa ameweka pesa zake zikaenda kwa mnunuzi mwingine. Alisimama pale chini ya balbu akinitazama, akaniuliza swali ambalo sijalimaliza mpaka leo: "Si ilikuwa haivuji? Mbona hukuniacha tu niende?"

Kesho yake fundi alinionyesha bolti inavyotolewa. Kwanza akanifundisha mbona zinashika. Bolti ni chuma, kichwa cha injini ni alumini. Ukiziweka metali mbili tofauti pamoja na maji, zinafanya kama betri ndogo, na alumini inaliwa pole pole mpaka inageuka unga mweupe. Chuma nacho kikiota kutu kinavimba, kinajaza nafasi yote ya nyuzi. Mwenye gari akitia maji ya mfereji mwaka baada ya mwaka badala ya kulanti, kazi hiyo inaenda mbio. "Hii haikukataa leo," fundi akasema. "Ilianza kukataa siku iliyofungwa."

Angeikuta nzima, alisema, angeimwagia mafuta ya kupenya aiache ilale nayo. Asubuhi angeigonga kichwani kwa nyundo ndogo, si kwa hasira, kutikisa kutu tu. Halafu angeikaza kidogo kabla ya kuilegeza. Ndiyo, kuikaza. Ikisogea hata unywele, kutu imevunjika. Kisha robo mzunguko mbele, robo nyuma, mafuta tena. Na moto, baada ya kupangusa mafuta yote, kwa sababu alumini ikipashwa inapanuka karibu mara mbili ya chuma, na tundu linailegezea bolti.

Lakini mimi nilikuwa nimemwachia kisiki. Akaita jirani wa kuchomelea. Wakaweka nati juu ya kisiki, wakachomelea kupitia tundu lake. Chuma kinashikana na chuma, alumini haishiki. Ikiwa bado moto wakagusisha mshumaa, nta ikanywewa ndani. Mara ya kwanza nati ilibanduka. Mara ya pili pia. Mara ya tatu, saa nane mchana, kisiki kilizunguka kikilia, kikatoka na unga mweupe na kutu nyekundu.

Fundi alikishika juu ya mwanga. "Aliyefunga hii hakuweka hata tone la grisi. Na aliikaza kwa paipu, kama wewe."

Hapo ndipo nilipoelewa kitu. Siku nzima iliyopita nilikuwa nimemlaani mtu huyo bila kumjua, yule mjinga aliyefunga bolti hivi. Aliokoa dakika moja, na dakika yake ikanifikia mimi ikiwa imekuwa siku nzima, na ikamfikia mama ikiwa safari iliyokufa. Mimi ndiye niliyekuwa fundi aliyefuata baada yake. Na kwa gundi yangu nilikuwa nimemwandalia mwingine jioni kama yangu, mbaya zaidi, kwa sababu angeweka spana juu ya kichwa ambacho hakijashika chochote.

Tumezoea kufikiri kwamba ukweli ni deni baina ya watu wawili wanaoonana: mimi na mteja, mimi na bosi. Kwa hesabu hiyo, kama haivuji hakuna deni. Lakini kazi yoyote iliyofunikwa ina mtu wa tatu. Hajafika bado. Hana jina, hana namba ya simu, hawezi kukulipa wala kukushtaki. Siku moja atafungua ulichofunga, na kile atakachokikuta ndicho atakachokujua nacho. Wahenga walisema tenda wema nenda zako. Mimi zamani niliona hiyo ni methali ya ukarimu, ya kumpa mtu sarafu usingoje asante. Siku hizi naiona ni methali ya gereji. Unapaka grisi kidogo kwenye nyuzi, unaingiza bolti kwa vidole kwanza, unaikaza kwa kiasi, unafunga boneti. Unaenda zako.

Utaniambia hiyo ni anasa. Kwamba mteja anapiga simu, kodi inangoja, na kijana wa Nairobi halipwi kwa subira. Ni kweli. Tena wametuchosha na hilo neno subira, hasa wanaolisema wakiwa wameshiba. Lakini alichonionyesha fundi hakikuwa kukaa ukingoja. Alifanya kazi siku nzima bila kupumzika. Na kumbuka gharama yenyewe: grisi ni ya ncha ya kidole.

Sitakudanganya kwamba ukweli ulinilipa. Fundi alimrudishia mama pesa zake zote na akamwongezea kidogo kwa ajili ya kabeji. Mimi nilikatwa mshahara wa wiki mbili. Mama alichukua pikapu yake, akashukuru kwa adabu, na hakurudi gereji ile tena. Ninamwelewa. Kwa upande wake, mimi ndiye kijana aliyembandikia gundi, na kusema ukweli hakukufuta hilo.

Swali lake lakini bado linanifuata. Mbona hukuniacha tu niende? Siku ile nilikosa jibu, nikatazama viatu vyangu. Leo ningemwambia hivi: mama, ulikuwa utafika, au hukuwa utafika, sijui. Nilichojua ni kwamba ulikuwa unapanda mlima na uongo wangu ndani ya injini yako, na ulikuwa umenibariki kwa ajili yake.

Kile kisiki ninacho bado. Kiko kwenye droo, na nati imechomelewa juu yake imepinda.