Mwamuzi Akinyamaza

Katika mpira wa magongo wa barafuni kikumbo ni ruhusa, lakini kina mipaka. Tarehe 16 Februari 2004, Steve Moore wa Colorado alimpiga kikumbo Markus Naslund, nahodha wa Vancouver, akamuumiza. Waamuzi hawakutoa adhabu. Tarehe 8 Machi, Todd Bertuzzi wa Vancouver alimpiga Moore ngumi kwa nyuma, akamwangusha. Mifupa ya shingo ikavunjika, na Moore hakucheza tena.

Je, mwamuzi akinyamaza, kisasi huwa haki? La. Kisasi huongeza jeraha la pili, wala la kwanza haliponi. Lakini filimbi isiyolia palipo kosa huwazoesha watu kutegemea ngumi. Basi wewe uliyepewa filimbi, nyumbani au kazini, ipulize mapema.