Kisasi, Kukimbia na Kurudi

Mtu aliyepotewa na kila kitu ana wajibu gani kwa wenziwe? Tumezoea kulitafuta swali hili katika tenzi na riwaya. Safari hii tumelikuta katika sinema, wala hatuoni haya kulisema.

Mwaka 1979 George Miller wa Australia, aliyesomea udaktari, alitoa sinema ya Mad Max. Askari wa barabarani anauliwa mwanawe na genge la waendesha pikipiki, na mkewe anaachwa mahututi. Anawaandama wauaji mpaka awamalize, kisha anatokomea na gari lake peke yake. Kisasi kimetimia, faraja haikupatikana.

Katika sinema ya pili, ya 1981, dunia imekwisha haribika na petroli imekuwa adimu. Max anawasaidia watu waliozingirwa, lakini kwanza kwa bei. Katika ya tatu, ya 1985, anawaokoa watoto bila malipo. Hata hivyo, katika zote mbili wokovu ni kuondoka.

Hapa ndipo Mad Max: Fury Road ya mwaka 2015 inapoachana na wenziwe. Furiosa anawatorosha wake wa Immortan Joe, mtawala anayewatawala watu kwa kuwanyima maji. Wanakimbilia nchi ya kijani alikozaliwa. Wanaambiwa imegeuka kinamasi cha sumu. Wanapojiandaa kuvuka jangwa la chumvi, Max anawashauri warudi: maji yako kule kule walikotoka.

Methali ya mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani, twaifundisha kama onyo. Hapa marejeo ni hiari. Yamkini msomaji atatuambia kwamba mfungwa anayetoroka hana kosa. La hasha, hana. Lakini waliobaki watakunywa nini? Akimbiaye hujiokoa nafsi yake. Arudiye huwakomboa na wenziwe.

Tena, Max aliyetekwa ili damu yake imtie nguvu askari mgonjwa, mwishoni anamtolea Furiosa damu hiyo hiyo kwa ridhaa yake. Tendo ni moja. Kilicholigeuza kutoka unyang'anyi kuwa utu ni hiari ya mtoaji.

Hata hivyo, maji yanapofunguliwa Max anajipenyeza katika umati akaenda zake. Je, afunguaye lango amemaliza wajibu, au wajibu ndio kwanza unaanza kwa kugawa maji kwa haki? Sisi twaona kwamba deni halijalipwa. Walimu wenzetu, walipeni swali hili wanafunzi wenu walijadili.